Kabla ya sindano ya kwanza

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: ng'ombe wako wa maziwa ameumia, hawezi kusimama, utamtibu, utamuuza au utamchinja? Mimi nafuga Marangu, Kilimanjaro, ng'ombe wawili au watatu wa kufungia bandani. Swali hilo limenikuta mara mbili, na mara ya kwanza nililijibu vibaya. Jibu langu la leo ni kwamba usichague lolote kati ya hayo matatu, wala usiruhusu mtu amchome dawa, mpaka mjue ameumia nini. Sindano ya kwanza yenyewe ni uamuzi. Wengi tunaona kama tunamtuliza tu huku tukifikiri la kufanya, kumbe tumeshafunga mlango mmoja.

Masika ya mwaka 2018 ng'ombe wetu Mawingu alizaa ndama jike. Siku ya pili asubuhi sakafu ilikuwa imelowa mvua na mkojo, akateleza. Sikumwona akianguka, nilisikia kishindo nikiwa jikoni. Nilimkuta amekaa kama chura, miguu ya nyuma imetawanyika, mmoja umeelekea upande ambao mguu wa ng'ombe hauendi. Anatetemeka, na bado anamlilia ndama wake. Sakafu ile tuliipiga niru, ile saruji laini inayong'aa, tulipojenga ili iwe rahisi kuosha. Anayejenga banda leo asipige niru, nitalirudia hilo hapo chini.

Kijana mmoja anayetembea na mkoba wa dawa alifika mapema sana. Nilimwita mimi mwenyewe. Hakumgusa nyonga wala mguu. Alimchoma OTC (oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria) ya asilimia 20, akamchoma ya maumivu, akamchoma vitamini, akachukua fedha yake na kusema kesho atasimama. Kesho hakusimama, akaja akaongeza. Siku ya tatu ndipo nikampata daktari wa mifugo. Kabla hata hajavua koti la mvua aliniuliza, "Mama, amechomwa nini, na lini?"

Sikuelewa kwa nini anaanzia hapo. Akapiga magoti, akaniambia na mimi nipige, akauchukua mkono wangu na kuweka kiganja changu juu ya nyonga ya Mawingu. Mwenzake akaushika mguu kwa chini na kuuzungusha polepole. Chini ya kiganja nikahisi kitu kinasaga, kama mchanga ulioingia kwenye unga. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika huko juu, karibu na nyonga. Kwa ng'ombe mzima wa kilo 400 na zaidi hakuna plasta ya kufunga pale, na uzito wake mwenyewe hauuachi mfupa uungane. Alitakiwa achinjwe siku ileile aliyoanguka, mkaguzi wa nyama aone, nyama ipigwe muhuri, na sisi tupate walau cha kuanzia. Kisha akaniomba chupa ya OTC, akanipa nisome mwenyewe: nyama, siku 28. Kumlaza katika hali ile siku 28 ni ukatili, na kumchinja kabla ya hapo ni kuwalisha watu dawa.

Jioni hiyo dalali alikuja na kirikuu. Akataja shilingi 400,000 taslimu, akasema mambo ya dawa nimwachie yeye. Nasema kweli, nilisita. Ada ya shule ilikuwa inadaiwa na baba watoto yuko Dar es Salaam, kwenye simu ananiambia tuongeze dawa, Mungu atasaidia. Kilichonikatisha ni kuwaona vijana wa dalali wakitandika mbao mbili nyuma ya gari na kutayarisha kamba ya pembe. Wangemburuta juu ya mguu ule uliovunjika. Halafu nyama ingekwenda kwenye bucha ambayo mtoto wa mtu anatumwa nusu kilo. Nikakataa. Tulimchinja asubuhi, tukamzika upande wa chini wa kihamba, shamba letu la migomba, kwenye shimo refu wasilolifikia mbwa, tukamwagia chokaa. Ng'ombe wa milioni mbili, tukabaki na ndama. Tukamwita Tunu.

Kilichoniuma zaidi ya fedha ni zile siku tatu. Mawingu aliteseka kwa sababu mimi nilikuwa nangoja. Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na mnyama kuteswa bila sababu ni kosa, lakini mimi sikuwa na nia ya kumtesa, nilikuwa na matumaini tu. Ng'ombe aliyelala haoni tofauti.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi mnyama anyimwe dawa ya maumivu ili nyama isiharibike. Nasema mjue kwanza. Kama mfupa wa juu umevunjika, au nyonga imechomoka na siku zimepita, au mfupa umetokeza nje ya ngozi, mchinje leo. Kama kuna tumaini la kweli, mtibu bila kuhesabu nyama. Kubaya ni katikati, unapomchoma kidogo, unangoja kidogo, halafu humpati ng'ombe wala nyama. Na si kila kuvunjika ni mwisho. Ndama wa jirani yangu alivunjika mguu wa mbele chini ya goti, akafungwa plasta, na baada ya wiki kadhaa alikuwa anakimbia. Ndama ni mwepesi, mfupa wake unaunga upesi, na pale chini pana mahali pa kufunga.

Sasa Tunu. Mwezi wa tano mwaka 2023 alizaa uzao wake wa tatu, jioni, bila shida. Alfajiri nikamkuta chini, sakafuni pana mstari mrefu alipoteleza kwato. Magoti yaliniisha nguvu, nikasema ni yaleyale ya mama yake. Mama mkwe alitoka akamtazama, akasema, "Mwite mzee aje na kisu, asije akawa kibudu."

Lazima nieleze hili la kibudu, yaani mnyama aliyekufa bila kuchinjwa, maana ndilo linaloamua mambo kwenye vijiji vingi. Kwetu Wakristo na Waislamu tunagawana nyama, kwa hiyo ng'ombe akichinjwa tunamwita jirani Mwislamu ashike kisu ili wote wale. Qur'ani yenyewe, katika sura ya Al-Maida aya ya 3, inamtaja mnyama aliyeanguka na aliyepigwa pembe miongoni mwa walioharamishwa, isipokuwa yule mliyewahi kumchinja. Basi watu tumelishika lile "kuwahi" tukaligeuza. Tunamwacha ng'ombe amelala siku nne, siku tano, kisu kimenolewa, tunamchungulia kama pumzi inakatika, ndipo tunakimbia. Yule mzee jirani yetu, ambaye amechinja pale kijijini tangu mimi sijaolewa, aliwahi kuniambia kuwa hapendi kabisa kuitwa hivyo. "Mwanangu, mnaniita kwa mnyama aliyekwisha teseka. Niiteni mapema au msiniite."

Na tahadhari moja ya haraka: ukimkuta mnyama amekufa ghafla na damu inatoka puani au nyuma bila kuganda, usimpasue wala usimchune. Inaweza kuwa kimeta, na huku kaskazini kipo. Funga mahali hapo, piga simu.

Nikamwambia mama mkwe, "Mama, nipe saa moja daktari afike." Huku nangoja nikamgusa Tunu masikio. Yalikuwa ya baridi kama jiwe la mtoni. Shingo ameikunja, kichwa amekilaza ubavuni, pua kavu, halii, hamtafuti hata ndama. Hapo moyo ukaanza kunituma kitu kingine. Mawingu aliyevunjika alikuwa macho, anatetemeka, anajaribu kuinuka. Huyu alikuwa kama mtu aliyeshikwa na usingizi mzito.

Ilikuwa homa ya maziwa. Jina linadanganya, joto la mwili linashuka badala ya kupanda. Ng'ombe akizaa, kalsiamu inakimbilia kwenye kiwele kwa ghafla kuliko mwili unavyoweza kuirudisha kwenye damu, na misuli inaishiwa nguvu. Daktari alipasha chupa ya kalsiamu kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu, akaingiza kwenye mshipa wa shingo polepole sana, sikio lake liko kwenye moyo wa ng'ombe, maana ukiikimbiza dawa ile moyo unaweza kusimama. Chupa haijaisha Tunu akacheua, ngozi ikaanza kutetemeka mabegani, akanya. Mama mkwe akaketi kwenye kigoda akalia.

Hebu fikirini: tungemchinja. Ng'ombe mzima, kwa ugonjwa wa chupa moja.

Lakini hakusimama. Alikuwa amelalia mguu wa kulia usiku kucha juu ya saruji, na uzito ule ukikaa upande mmoja kwa muda wa saa sita hadi kumi na mbili, misuli na mishipa ya fahamu ya chini inaumia kwa kukosa damu. Tukarudia kazi ya kiganja, mguu ukazungushwa. Kimya. Hakuna kinachosaga. Anakula, macho yamechangamka, sasa anamwita ndama. Daktari akanigeukia. "Mama, kalsiamu haina siku za kusubiri. Ila nikimchoma ya maumivu, nyama yake kwa sasa mmeiaga. Akishindwa ni shimo. Nimchome?"

Nikasema mchome. Mara hii nilijua ninachokubali.

Kisha akaweka siku. Ilikuwa Jumanne. Akasema Ijumaa asubuhi, kama hajaweza kuinua hata makalio, tutammaliza. Tukubaliane leo, si siku hiyo, kwa sababu siku hiyo kila mtu atakuwa na sababu ya kuongeza siku nyingine. Nikampigia baba watoto palepale, akasikia kutoka kwa daktari mwenyewe, akakubali. Kama kuna kitu kimoja cha kuchukua kwangu, chukueni hicho cha kuweka siku mapema.

Uuguzaji wenyewe ni kazi ya watu. Tulimviringisha juu ya turubai, tukamvuta watu sita hadi kihambani kwenye udongo laini. Hatukumvuta shingo wala mkia. Tukamtandikia majani makavu ya mgomba mpaka yakafika magotini kwetu, na magunia yaliyojazwa majani tukayaegemeza begani ili akae kifuani. Ng'ombe akilala ubavu kabisa gesi inajaa, anaweza kufa kwa hilo tu. Kila saa tatu tunamgeuza upande, mchana na usiku, mimi, shemeji yangu na vijana wawili wa jirani, na taa ya sola imetundikwa kwenye mgomba. Miguu ya nyuma tuliifunga kwa kanga iliyokunjwa, tukaacha nafasi ya hatua fupi, ili akijaribu isitawanyike kama ya mama yake. Maji ndoo iko mdomoni muda wote, matete yamekatwakatwa. Nilimkamua kiasi cha ndama kupata dang'a, yale maziwa ya kwanza, tu, sikukausha kiwele, maana kukikausha ni kuivuta tena kalsiamu.

Na mbele yake tukaacha wazi. Ng'ombe anainuka makalio kwanza, na ili makalio yapande anajitupa mbele kwa kichwa na kidari. Ukimfunga kamba fupi au akiwa na ukuta puani, hata mzima hawezi. Bandani kwetu ukuta ulikuwa karibu mno, tangu siku zote, na hatukuwahi kuliwaza hilo.

Jumatano alasiri aliinua makalio, akayumba, akaanguka juu ya majani. Alhamisi kabla ya jua kuchomoza shemeji alinipigia kelele kutoka kihambani. Nilifika amesimama, mguu wa kulia ameukunja kwato kidogo, amefumba macho, ndama yuko chini yake ananyonya. Alichechemea kama wiki tatu.

Mtu ataniuliza: na asiye na watu? Hilo ndilo jambo la kutazama kabla ya bei ya dawa. Kama nyumbani uko peke yako na mtoto mdogo, na hakuna wa kuamka nawe saa nane za usiku kumgeuza ng'ombe, basi hata jeraha linalopona kwa mwenzako kwako halitapona. Mwite mkaguzi mapema, mchinje palepale alipo, bila kumpakia kwenye gari. Hakuna aibu hapo, na jirani asikuambie umekata tamaa.

Sakafu tuliivunja niru kwa patasi, tukachora mifereji ya kidole kimoja, upana wa kwato kati ya mmoja na mwingine. Ukuta wa mbele tumeusogeza. Mlangoni limening'inia daftari la shule, na ndani yake kila sindano ina tarehe, jina la dawa na siku zilizoandikwa kwenye chupa. Juzi fundi wa kukata majani alikuja na mtu wa mkoba wa dawa aliyetaka kumchoma mtamba wetu anayechechemea. Shemeji alimwonyesha daftari, akamwambia bado hatujamshika mguu.

Ni mimi msomaji wenu,
Marangu, Kilimanjaro