Picha za usiku wa harusi zikae folda moja

Napiga picha za harusi hapa Lamu, na ngoma inayoanza baada ya Isha mara nyingi huvunjika saa nane au saa tisa usiku. Kwa kamera, saa sita ikigonga tarehe imegeuka. Ukizipanga picha kwa tarehe tu, usiku mmoja unakatika folda mbili, na mama wa bibi harusi akija kutaka picha zake utampa nusu.

Dawa nimeipata kwenye ExifTool ya Phil Harvey, programu ya bure inayoendeshwa kwa kuandika amri. Inasoma saa ambayo kamera yenyewe iliiandika ndani ya picha. Tarehe ya faili usiitegemee, maana yaweza kubadilika ukinakili au ukipakua. Amri yangu ni hii:

exiftool -r -o . -globalTimeShift -4 -d Albamu/%Y/%Y-%m-%d "-Directory<DateTimeOriginal" Kadi

"Kadi" ni folda yenye picha, na -r inaingia hadi folda za ndani. -d ni mpangilio wa folda mpya: ndani ya Albamu, folda ya mwaka (%Y), kisha ya mwaka-mwezi-siku (%Y-%m-%d). Hiyo "-o ." usiiache kamwe: ndiyo inayonakili, bila yake picha zinahamishwa. -globalTimeShift -4 inarudisha hesabu nyuma saa nne, kwa hiyo picha ya saa tisa usiku inaingia folda ya jana yake, pamoja na wenzake. Saa iliyo ndani ya picha haiguswi.

Folda zikishatoka, ongeza jina la shughuli mbele ya tarehe. Kwa Maulidi ni lazima, kwani kila mwaka huwahi kwa siku kama 11, na mwezi pekee hautakwambia kitu.

Picha zilizopitia WhatsApp kwa kawaida hazibebi saa ya kamera, kwa hiyo hazitaingia folda za tarehe. Mwambie jamaa azitume kama dokumenti.

Linalonitia hofu zaidi ni kamera mbili. Zote zaweza kuwa na picha yenye jina DSC_0001 ya siku moja, na ExifTool haiandiki juu ya faili iliyopo. Ya pili hainakiliwi. Kila kamera ipe folda yake, mfano kwenye -d andika Albamu/%Y/%Y-%m-%d/KameraB. Kisha soma mistari ya mwisho kwenye skrini, inayotaja faili ngapi zimenakiliwa na ngapi zimekataa, kabla hujaisafisha kadi.