Kabla hujatuma hela ya hiyo Z4, mwaga maji kwenye paa lake

Usitume hiyo advansi leo. Zima simu ukiweza, soma hapa mpaka mwisho, halafu uamue kesho asubuhi.

Mkuu, umeeleza mengi: BMW Z4 ya 2004, injini ya 2.5, rangi ya fedha, viti vya ngozi, iko Makambako, mwenyewe wa kwanza alikuwa anaishi Mafinga. Unauliza ulaji wa mafuta, bima, spea zinapatikana wapi, na kama itapanda mlima wa Kitonga bila kuchemsha. Yote maswali mazuri. Ila katikati umepitisha sentensi moja harakaharaka: "paa halifunguki kwa sasa ila muuzaji anasema ni fyuzi tu." Nilipofika hapo roho iliniruka. Maneno hayohayo niliambiwa na dalali mmoja hapa Mbeya, nikamwamini, na nimeyalipia kuliko kitu kingine chochote kwenye lile gari.

Hebu fikiria kidogo. Fyuzi ni kitu cha bei ya soda. Mtu anauza gari la mamilioni, gari ambalo watu wanalitaka kwa sababu moja tu, kwamba linafunguka juu, halafu anashindwa kununua fyuzi? Angeiweka, akufungulie paa mbele ya macho yako, na bei ingepanda palepale. Hajafanya hivyo kwa sababu ameshaiweka, na imeungua tena. Kwa kawaida fyuzi haiungui kwa kuchoka. Inaungua kwa sababu kuna kitu huko mbele kinavuta umeme kupita kiasi, na kwenye Z4 ya kizazi hicho, ile E85 iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2008, kitu hicho kwa kawaida ni mota ya paa.

Nikueleze inavyofanya kazi, maana huyo muuzaji hatakueleza. Paa lile la turubai linainuliwa kwa haidroliki. Kuna mota ya umeme inayozungusha pampu, pampu inasukuma mafuta kwenye mabomba, mabomba yanainua vyuma vya paa. Likiwa zima linafunguka kwa sekunde kama kumi, raha tupu. Tatizo ni pale walipoiweka hiyo mota: chini kabisa kwenye shimo la pembeni, nyuma ya kiti, ambapo maji yote ya mvua yanayoteremka kutoka kwenye turubai yanapita kwenda nje kupitia mfereji mdogo. Mfereji ukiwa wazi, maji yanapita, hakuna neno. Ukiziba, lile shimo linajaa na mota inabaki imelala ndani ya maji. Inashika kutu, inakuwa nzito kuzunguka, inavuta umeme mwingi, fyuzi inakatika. Hapo ndipo muuzaji anasema "ni fyuzi tu." Fyuzi ndiyo iliyokuja kutoa taarifa ya msiba!

Na sisi tunaishi wapi? Nyanda za juu. Mvua inaanza Novemba, inaachia Aprili au Mei, na ukiteremka upande wa Rungwe, Tukuyu ile ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Kiangazi nacho ni vumbi. Miti tunayoegesha chini yake ni mijakaranda, mikaratusi na misonobari, na sindano za msonobari ndizo adui mkubwa kuliko wote. Zinaingia kwenye mfereji mojamoja, zinashikana, vumbi linakaa juu yake, mvua ya kwanza inaligeuza tope, kazi imeisha. Sasa wewe unaniambia gari limekaa Mafinga. Mafinga, mkuu! Mji umezungukwa na misitu ya Sao Hill. Hiyo peke yake ingenifanya niulize habari za mfereji kabla hata ya kuuliza bei.

Mimi nilinunua kiangazi, mijakaranda ya mjini ikiwa imechanua. Dalali akanipeleka kwa fundi "wake", yule fundi akachomoa fyuzi iliyoungua na kuweka yenye ampea kubwa kuliko inayotakiwa. Paa likafunguka. Likakunjika lote vizuri, vijana wa kijiwe cha bodaboda wakapiga makofi, nikalipa. Kumbe kazi ya fyuzi ni kufa ili nyaya zipone. Ukiweka kubwa, nyaya ndizo zinakufa badala yake. Fundi yule alijua. Dalali alijua. Walitazamana, mimi nikadhani wanafurahi pamoja nami.

Likafanya kazi kwa muda, mvua zikaanza. Siku moja natoka Tukuyu narudi Uyole na mke wangu, paa wazi, jua zuri. Tulipofika Isongole wingu likateremka kutoka mlimani, unaijua ile hali, dakika jua, dakika hakuna mlima. Nikasimama pembeni, nikabonyeza swichi. Paa likapanda mpaka katikati, likasimama wima, halirudi nyuma wala haliji mbele, na nyuma ya kiti ikatoka harufu ya plastiki inayoungua. Mvua ikashuka yote. Sikuweza kulifunga wala kuliendesha likiwa hivyo. Mama mmoja aliyekuwa anauza viazi pale barabarani akavua turubai kwenye magunia yake akaja kutufunika. Viazi vyake vikaloa kwa ajili yetu, Mungu ambariki popote alipo.

Hasara yenyewe sasa. Mota imekufa. Nyaya za paa zimeungana plastiki. Maji yamejaa chini ya zulia, na nyaya za eabegi zinapita chini ya viti, kwa hiyo taa ya eabegi ikawaka na ikakataa kuzima. Ngozi ya viti ikaota ukungu, maana Mbeya mwezi wa kwanza hata shati halikauki. Mota nikaitafuta Kariakoo, nikaitafuta Ilala, kila mtu ana spea za magari ya kawaida ya BMW ila hiyo hana, ikabidi iagizwe iliyotumika kutoka Uingereza. Na ukishaipata bado hujamaliza, kwa sababu kuifikia ni kazi ya kufungua mapambo yote ya nyuma na kulilegeza paa, na fundi asiyewahi kuifanya atakukatia bomba la haidroliki. Nikijumlisha, hela iliyoishia kwenye paa ingeninunulia bodaboda mpya na chenji ikabaki.

Nilipompigia dalali alinijibu, "Bosi, gari si ulikagua mwenyewe?" Hili bado linaniuma. Nilikagua ndiyo: nilitazama injini, nikatazama oili, nikalala chini nikatazama bushi na shokapu, kama tunavyokagua Carina na Noah. Yeye ndiye aliyenisimamisha nilipotaka kufungua sehemu ya paa, akasema utaharibu klipu. Mtu anakula kamisheni yako, anakuona unaelekea shimoni, anakushika mkono kukusaidia uingie vizuri. Bado yupo mjini anauza magari, na nina hakika huyo wa kwako wa Makambako amesoma shule hiyohiyo.

Kwa hiyo sheria ni moja, na ukisahau yote niliyoandika usisahau hii: hakuna hela inayotoka kabla hujamwaga maji kwenye mfereji wa paa na kuyaona yakitokea chini. Nenda na chupa mbili za maji za lita moja na nusu. Paa likiwa limefungwa, fungua mlango, tazama nyuma ya kiti pale turubai linapoingia kwenye bodi. Mwaga kidogokidogo, usimwage kwa ndoo, maana ukikuta pameziba utaizamisha mota wewe mwenyewe na muuzaji atakudai. Mwenzako achuchumae nje karibu na tairi la nyuma. Maji yanatakiwa yaanze kudondoka chini bila kukawia. Fanya pande zote mbili. Yasipotoka upande wowote, hilo paa limeshakunywa maji, hata kama limefunguka vizuri asubuhi ile.

Ukimaliza hapo, inua zulia la miguuni na ubonyeze kwa goti. Zulia lenyewe linaweza kuwa limekauka, ila sponji ya chini yake inatunza maji wiki na wiki. Nusa. Gari likinukia pafyumu kali kuliko duka la vipodozi, kuna harufu nyingine inafichwa. Halafu mwambie akuonyeshe fyuzi ya paa, soma namba iliyoandikwa juu yake na ulinganishe na karatasi ya fyuzi za gari. Ukikuta kubwa kuliko iliyoandikwa, ondoka, wala usianze kubishana.

Akikataa maji yasimwagwe kwenye gari lake, jibu umeshapata. Gari lisiloweza kuhimili lita tatu za maji ya chupa litahimili vipi masika ya Iringa?

Na kama umeshalipenda kiasi kwamba hutasikia, basi angalau fanya hivi: punguza kwenye bei gharama ya paa zima, siyo ya fyuzi. Mpe fundi anayejua umeme kazi ya kuihamisha mota kutoka shimoni kwenda kwenye buti. Wenzetu wa nje wanafanya hivyo siku nyingi, nyaya na mabomba yanarefushwa, mota inakaa pakavu milele. Mimi ndivyo nilivyofanya mwishowe na tangu hapo halijanisumbua. Kila mwezi nazibua mifereji kwa waya laini wa plastiki, na siegeshi chini ya mti wa aina yoyote, hata jua likiwa kali namna gani.

Kuagiza mwenyewe kutoka Japani usiogope kulipigia hesabu. Najua gari la 2004 linabanwa na ushuru wa uchakavu juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, ndiyo maana wote tunakimbilia ya madalali. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, uone jumla, kisha uongeze kwenye hili la Makambako gharama ya mota, nyaya na zulia. Tofauti itakushangaza.

Kitonga itapanda. Injini ile ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja haina shida na mlima, shida ni mfumo wa kupooza. Kopo la maji ya kupoozea injini ni la plastiki na linapasuka kwa uzee, thamostati nayo inachoka. Badilisha vyote viwili na pampu ya maji kabla hujaenda kupandisha nyuma ya malori kwenye joto lile la kutoka Ruaha Mbuyuni. Na Kitonga funga paa, utavuta moshi wa dizeli na harufu ya breki za malori mpaka Ilula. Halafu gari hilo lilitoka kiwandani bila tairi la akiba, lina matairi ya kutembea hata yakiisha upepo. Uliza kama bado anayo hayo au ameweka ya kawaida, kwa sababu akiwa ameweka ya kawaida na pancha ikakupata Nyororo usiku, utalala Nyororo. Matuta ya vijijini kwenye hii barabara kuu uyapande kimshazari, taratibu, bampa la mbele liko chini sana.

Sikukatazi gari. Nataka ulipate zima, kwa sababu likiwa zima hakuna kinachofanana nalo huku kwetu. Mwezi wa sita au wa saba, anga kavu, toka Uyole alfajiri na paa wazi, hita imewashwa miguuni, kofia ya sufu kichwani. Unapanda Isongole baridi inakukata masikio, unaanza kuteremka, Mlima Rungwe uko pembeni yako mzima bila wingu, hewa inabadilika unaanza kunusa majani mabichi, migomba inaanza, mashamba ya chai yanaanza, watoto wa shule wanapunga mikono. Ndani ya gari lililofungwa unaona tu. Ndani ya hili unasikia maji ya Kiwira kabla hujafika darajani. Mke wangu, aliyeapa pale Isongole kwamba hatapanda tena, ndiye siku hizi anayeniuliza Jumamosi tunakwenda wapi. Ila asubuhi ya baridi kali usilikunje turubai likiwa gumu, subiri jua lilipashe, na usilikunje likiwa limeloa, litaota ukungu kwenye mikunjo.

Makambako si mbali sana na kwangu. Ukipanga siku ya kwenda kuliona niandikie inbox, nitapanda basi na fundi wangu wa umeme. Chupa za maji nitakuja nazo mimi. Mpaka siku hiyo huyo muuzaji akikuambia kuna mteja mwingine yuko njiani na pesa taslimu, mwambie amuuzie.