Kabla ya kununua vifaa, tazameni mkono anaoutumia mtoto

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni vifaa gani tumnunulie mtoto wa darasa la awali ili atengeneze viumbe wa baharini nyumbani na kuimarisha misuli midogo ya mikono. Kwetu Mtwara sioni haja ya kununua kitu. Manila na plastisini zipo madukani, lakini pwani ina makombe, mchanga na miaa, na uji mzito wa unga wa muhogo hunatisha karatasi vizuri.

Swali lenu limenigusa kwa sababu ya mjukuu wangu wa miaka mitano. Shuleni kwake niliambiwa kwamba mikono yake ni mizito, kwa kuwa wenzake walikata kiti cha pweza, yule kiumbe wa baharini mwenye umbo la nyota, cha karatasi chenye ncha tano, naye akabaki na karatasi iliyochanikachanika. Nilirudi nyumbani na uchungu. Jumamosi iliyofuata ilikuwa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, tukashuka ufukwe wa Shangani yalipokupwa, wanawake wakiwa bado mwambani wakitafuta pweza. Nilimwambia aokote makombe yenye tundu tu. Matundu hayo, madogo na ya mviringo kana kwamba yamepigwa keekee, hutobolewa na konokono wa baharini anapotaka kumla mnyama aliye ndani ya kombe. Mtoto aliinama akachagua. Kila kombe alilishika kwa kidole gumba na cha shahada, akaliinua juani, akachungulia, na lisilo na tundu akalirudisha mchangani taratibu. "Bibi, hili limetobolewa," aliniambia kila alipolipata. Nikampa kipande cha uzi wa nyavu, ambao ncha yake niliichoma kwa kiberiti hadi ikaganda kama sindano. Alitunga makombe 17 bila kuangusha hata moja, na ndipo nilipoona nililopaswa kuliona miezi mingi nyuma: uzi ulikuwa katika mkono wa kushoto.

Mikasi ya kawaida imetengenezewa mkono wa kulia. Ukiishika kwa kushoto, nguvu ya vidole huyaachanisha makali badala ya kuyakutanisha, na bapa la juu hukuficha mstari unaoufuata, hivyo karatasi hukunjika na kuchanika. Nyumbani tunamkanya mtoto asile kwa kushoto, kama wengi wa pwani, na naamini ndiyo maana alijifunza kuuficha mkono huo hata darasani.

Basi nililosema mwanzoni halisimami lote. Mkasi mdogo wa mashoto wenye ncha butu ununuliwe, ingawa mimi nililazimika kuuagiza Dar es Salaam. Aliye Newala au Masasi, mbali na bahari, naye asilaumiwe akinunua plastisini, japo unga wa ngano uliokandwa kwa chumvi na maji hufinyangika vilevile. Makombe nayo yana masharti yake. Walio ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, wayaache yalipo, kwani wapo kaa wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe kabisa, maana atayatia mdomoni na yanaweza kumkaba.

Mezani bado tunamwelekeza mkono wa kulia. Kwa mkasi, uzi na penseli, tumemwachia wa kushoto.