Suti ya dukani: angalia bega kwanza, mengine fundi atamalizana nayo

Mkuu umeuliza una laki mbili na nusu, mdogo wako anaoa Desemba na wewe ndo msimamizi wake, sasa unataka kujua uchukue suti mpya Kariakoo au ukachambue mtumba Karume, na utaijuaje iliyo nzuri. Naona wengi wamekujibu kwa majina ya nchi, mara chukua ya Uturuki, mara mkimbie Mchina. Mimi nimekaa kwa baba mdogo wangu, fundi cherehani Ilala, miaka sita, na kazi yetu kubwa haikuwa kushona suti mpya, ilikuwa kurekebisha zile ambazo watu wameshanunua. Kwa kweli nchi iliyoandikwa kwenye lebo haijawahi kunisaidia kitu. Kinachosaidia ni kujua fundi anaweza kurekebisha nini na hawezi nini, maana muuzaji yeye kila ukilalamika anakujibu "hiyo fundi anaweka sawa tu" na wewe unatoa hela.

Sasa bega. Mshono wa bega unatakiwa uishie pale bega lako linapoishia, pale mfupa unapoanza kushuka kwenda mkononi. Siku moja alikuja jamaa na koti jipya kabisa la bluu, bado lina harufu ya duka, anataka lipunguzwe kidogo tu. Baba mdogo hakushika hata futi, akamwambia simama ubavu na ukuta halafu uegemee taratibu. Koti likagusa ukuta, mkono wa jamaa bado uko mbali, na pale juu ya mkono kitambaa kikabonyea kama shimo. Bega lilikuwa limetoka nje karibu inchi moja. Ili uliondoe hilo inabidi ung'oe mikono yote miwili, utoe pedi, ukate bega upya, ukate na kwapa, halafu urudishe mikono ikae bila kujikunja, na hiyo kazi gharama yake inakaribia bei ya koti lenyewe na bado huna uhakika. Baba mdogo alimwambia arudi dukani abadilishiwe, duka likakataa, jamaa akaenda nalo hivyohivyo kwenye harusi yake. Iliniuma sana ile. Kwa hiyo bega likikataa vua, rudisha kwenye hanga, usisikilize neno lingine.

Kitu cha pili kisichorekebishika kirahisi ni kola. Koti likae kwenye shingo limeilalia kola ya shati kabisa, usione nafasi nyuma. Muombe mtu akuangalie kwa nyuma huku unatembea na unaongea, sio umesimama wima kama askari, maana ukijikaza kila koti linakaa. Kama kuna uwazi pale shingoni ujue koti halijakatwa kwa mgongo wako. Na ukiona mkunjo mnene umelala chini ya kola kwa nyuma ni vilevile, huo fundi mzuri anaweza kuushusha ila wazuri wa hiyo kazi sio wengi.

Urefu nao usicheze nao. Koti lifunike makalio, na ukipima kuanzia mfupa wa shingo hadi chini sakafuni basi koti liishie karibu na nusu ya hapo. Mafundi wanaweza kukata kidogo lakini mifuko haihami, ukikata sana mifuko inabaki iko chini karibu na pindo na kila mtu anaona.

Vingine vyote ni kazi ndogo. Kiuno cha koti kinapunguzwa. Ukifunga kifungo (kimoja tu kile cha juu kama viko viwili, cha chini huwa hakifungwi) ukaona mistari inavuta kama herufi X tumboni, limebana, kama mshono una akiba ya kitambaa fundi anaachia kidogo, kama hauna ndo basi, chungulia ndani ya bitana (kile kitambaa laini cha ndani ya koti) kama panafunguka. Mkono wa koti unafupishwa, shati lionekane kama sentimita moja na nusu, ila hapo angalia vile vifungo vya mkononi: kama matundu yake yamekatwa na yanafunguka kweli basi kufupisha kwa chini ni balaa, kama ni vya urembo tu hiyo kwako ni nafuu. Suruali ndo rahisi kuliko vyote, mshono wa nyuma kwenye makalio mara nyingi una akiba ya kitambaa, inaachiwa au inabanwa, pindo linashonwa siku hiyohiyo.

Kuhusu namba, zile 48, 50, 52 ni nusu ya kifua chako kwa sentimita, kifua 100 ni 50. Ukikutana na koti la Kiingereza au Kimarekani limeandikwa 40 hiyo ni inchi, na ni sawa na 50, yaani unatoa 10. Herufi ya pembeni S, R au L ni urefu, fupi, kawaida na ndefu. Na suti inauzwa koti na suruali pamoja, suruali ya koti la 50 kiuno chake mara nyingi ni kama sentimita 88, kwa hiyo kama una kifua kipana na kiuno chembamba, au una kitambi, chagua koti linalokaa begani halafu suruali mwachie fundi, usifanye kinyume chake.

Nije kwenye ubora wenyewe sasa. Mimi mwaka wa mahafali yangu, kabla sijajua haya mambo, nilinunua suti nyeusi elfu tisini, sitaji duka. Nikaivaa mara mbili nikapeleka drai klina. Ikarudi kifuani imevimbavimba kama chapati inavyoanza kuinuka kwenye kikaango. Baba mdogo akafungua bitana akanionyesha: mbele ya koti kuna kitambaa kigumu cha ndani kinachofanya kifua kisimame, kwenye suti za bei ya chini kinabandikwa kwa gundi na joto, sasa gundi ikiwa mbovu, moto na mvuke vinaiachisha, na ikishaachia hairudi. Suti za bei ya juu kile cha ndani ni kanvasi, humo kuna nywele za farasi, inashonwa kwa uzi na inaachwa ielee, hiyo inazoea mwili wako kadri unavyoivaa.

Jinsi ya kujua, shika mbele ya koti karibu na tundu la kifungo cha chini, kidole kimoja nje na kimoja ndani, finya kitambaa cha nje ukivute kuelekea nje na cha ndani kuelekea ndani, halafu sugua taratibu. Ukisikia kuna tabaka la tatu linateleza katikati, peke yake, hujalishika wewe, hiyo ni kanvasi. Usiposikia kitu, na kitambaa cha nje ni kigumu kama kadi, imegundishwa. Kwa laki mbili na nusu mpya utapata ya gundi, hilo likubali, sio zote mbaya, wewe kifinye kifua kwenye kiganja sekunde kadhaa uachie, kikibaki na makunyanzi makavu kama karatasi achana nayo, kikirudi laini chukua.

Kitambaa soma ile lebo ndogo ndani ya mfuko wa koti. Nyingi za madukani ni polista (nyuzi za plastiki) ikichanganywa na viskosi (nyuzi laini zinazotokana na mti), inavalika. Polista tupu kwa Dar ya Desemba utaloa kabla hamjafika kanisani. Kama muuzaji anaapa ni sufu, chomoa uzi mmoja ndani ya mshono, toka nje uuchome: sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yanasagika, polista inayeyuka inaacha kitone kigumu. Ile namba ya Super 100 au 120 inaelezea wembamba wa nyuzi za sufu, sasa nikiiona kwenye suti ya polista huwa siamini tena chochote kwenye hiyo lebo. Bitana nayo, koti lenye bitana nusu mgongoni ni zuri sana kwa joto letu, ila nalo lina sharti, mishono ya ndani iwe imemalizwa vizuri kwa sababu inaonekana.

Mtumba sasa. Mimi binafsi ningeanza Karume, kwa sababu hela hiyohiyo inakupa koti la sufu lenye kanvasi ambalo mpya usingeligusa. Ila linyanyue juani uangalie vitundu vya nondo, nusa kwapa, geuza suruali uangalie katikati ya mapaja pale panapolika. Na usikubali koti la suti bila suruali yake ukidhani utatafuta ya kufanana, haitafanana.

Ukienda vaa shati na viatu vya siku yenyewe, usiende na raba, na ukishalivaa toka nje mlangoni, taa za dukani zinafanya bluu nzito ionekane nyeusi. Ukifika nyumbani fumua ule uzi wa X kwenye mpasuo wa nyuma na ile lebo ya mkononi, hizo ni za dukani tu.

Tenga elfu thelathini za fundi kwenye hiyo bajeti. Na ukishaipata piga picha mbele, ubavuni na mgongoni, mikono umeiachia, uiweke hapa kabla hujaipeleka popote, nikwambie wapi apige chaki.