Mtaro wetu umo kwenye mpango wa kaunti, mbona haujengwi?

SWALI: Huku kwetu Kisauni, Mombasa, mvua za masika zikianza maji hutuingilia nyumbani. Tuliambiwa mtaro wetu umo kwenye mpango wa kaunti wa 2023 hadi 2027, lakini hadi leo hatujaona hata fundi wa kupima. Sasa kuna bwana mmoja anataka tuchange shilingi 20,000 ili watu wake bungeni wauingize mradi kwenye bajeti. Tumpe?

JIBU: Msimpe hata ndururu, ndugu yangu. Na kama mmeshaanza kuchanga, mrudishie kila mtu chake leo.

Swali hili huniijia kila mwaka, mara Likoni, mara Jomvu, mara Changamwe, na kila mara linaanzia palepale: "Mradi umo kwenye CIDP," yaani mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano. Mpango huo ni wa lazima kisheria, maana kaunti haiwezi kutenga pesa za umma nje ya mpango. Lakini mpango wenyewe hautoi pesa. Ni orodha ya nia, na mara nyingi huwa ndefu kuliko mfuko wa kaunti. Anayewaambia mtulie kwa sababu mmo kwenye orodha hiyo anawapotezea wakati ambao hamtaupata tena.

Pesa hufuata njia nyingine. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaokuja hufikishwa kwenye Bunge la Kaunti kabla ya Septemba 1. Mtaro wenu usipokuwemo humo, kwa jina lake na wadi yake, mmeshaachwa nyuma. Kufikia Februari 28 huja waraka wa mikakati ya fedha, na huo ndio ninaowasihi watu wausome, kwa sababu humo kila idara huwekewa kikomo cha matumizi. Makadirio yenyewe hufika Aprili 30, na bajeti hupitishwa kabla ya Juni 30. Watu wetu hujaa kwenye kumbi za maoni ya umma mwezi wa Mei, wakasema kwa uchungu na kwa haki, ilhali vikomo viliwekwa zamani. Wakati huo diwani akitaka kuuongezea mtaro wenu pesa, sharti apunguze penginepo kiasi kile kile. Basi huyo bwana wenu anayedai "kuuingiza" wakati wowote atautia wapi?

Hata bajeti ikishapita, bado si pesa. Hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu watu wazima, wenye elimu, hulikosea. Bajeti ni ruhusa ya kutumia. Pesa zenyewe hutoka kwa mgao wa serikali kuu, ambao hukawia, na kwa makusanyo ya kaunti: kodi za ardhi, maegesho, leseni za biashara. Makusanyo yakikadiriwa juu kupita kiasi, shimo hubaki, na mishahara haingoji. Kinachongoja ni mtaro. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti itengwe kwa maendeleo katika kipindi cha miaka kadhaa, lakini kutenga na kutumia ni mambo mawili. Ripoti ya Msimamizi wa Bajeti, inayotoka kila robo mwaka, huonyesha kilichotumika kweli. Isomeni hiyo kabla ya kusikiliza hotuba ya yeyote.

Kisha ikodolieni macho bajeti ya ziada. Hii hubadilisha bajeti iliyokwisha kupitishwa. Huletwa katikati ya mwaka wa fedha, aghalabu kwa haraka, na ndiko miradi mingi hufia kimyakimya. Nimeona mtaro uliopiganiwa mwaka mzima ukifutwa kwa mstari mmoja wa jedwali, na wenyewe wakaja kujua mvua ilipowanyeshea.

Jambo moja la haraka: hakikisheni mtaro ni wa kaunti. Ukiwa kandokando ya barabara kuu ya Malindi, hiyo ni barabara ya serikali kuu, na Bunge la Kaunti halina bajeti yake. Na diwani hajengi. Kazi yake ni kupitisha mipango na kuisimamia. Kujenga ni kazi ya gavana na idara zake. Mwulizeni maswali yanayomhusu: kamati yake iliutembelea mradi lini, na ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu iliposomwa bungeni, ilisema nini kuhusu miradi iliyokwama?

Sasa hawa madalali. Wameenea Mombasa nzima. Kuna anayeuza nakala ya mpango wa kaunti, na hiyo ni hati ya umma. Kuna anayetoza ada ya "kuandika memoranda", yaani maoni ya maandishi kwa bunge, na kuna huyu wenu wa kuingiza miradi. Kuandikia bunge ni bure. Sheria ya serikali za kaunti inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi bungeni, na barua ya kawaida kwa Kiswahili inatosha: mtaro uko wapi, nyumba ngapi hufurika, umo ukurasa gani wa mpango wa miaka mitano. Wakaazi watie sahihi, ipelekwe kwa karani wa bunge, nakala yenu igongwe muhuri wenye tarehe. Ipelekeni mapema, mpango wa mwaka ukiwa bado unaandikwa, kabla ya Septemba. Nakala yenye muhuri ibaki kwa mtu ambaye hahami mtaa.