Gazeti dogo liache karatasi lihamie mtandaoni? Hesabu nakala zinazorudi kwanza

Ndugu uliyeuliza kama gazeti la wiki la Mbale, mashariki mwa Uganda, kurasa 16, nakala 1,000, lifunge karatasi libaki mtandaoni: karatasi siyo adui wako mkubwa. Kwa ukubwa wa sentimita 28 kwa 38 na karatasi ya gramu 45, nakala moja ina gramu 38 hivi. Toleo zima ni kilo 38, bila kuhesabu zile zinazoharibika mtambo ukianza, kabla rangi hazijakaa sawa. Mabamba ya chuma ya kuchapia ndiyo yanauma: rangi kamili inataka 4 kwa kila upande wa karatasi kubwa inayopita mtamboni, na bei yake haishuki hata ukichapa 300.

Kinachoua ni nakala zinazorudi kutoka kwa wachuuzi bila kuuzwa. Zikiuzwa 650, hizo 650 zinabeba gharama ya zote 1,000. Mfungulie kila mchuuzi mstari wake: alizochukua, alizouza, alizorudisha, wiki 8 mfululizo. Wa stendi ya teksi anayerudisha 20 kati ya 30, mpe 12. Na zikague zinaporudi. Yenye mikunjo mingi, chemshabongo imejazwa kalamu, hiyo ilikodishwa kwa wasomaji. Usiipokee kama haikuuzwa.

Halafu fungua daftari la matangazo. Zabuni kubwa za serikali zitaenda New Vision na Daily Monitor, maana sheria ya manunuzi inataka gazeti linalosambaa nchi nzima. Zako ni shule, sacco, maduka ya mabati, tanzia. Familia iliyofiwa hununua nakala kadhaa ikazihifadhi. Kwenye simu tangazo hilo halina thamani hiyo. Ukizima karatasi leo, hawa ndio unaowapoteza.

Mtandaoni pesa ya matangazo yanayobofywa ni senti tu kwa wasomaji wachache wa wilaya moja. Uza toleo kwa mobile money, kwa wiki, siyo kwa mwaka: mtu hulipa akiwa nacho. PDF itavuja kwenye makundi ya WhatsApp, hilo lihesabu tangu mwanzo. Weka namba ya mnunuzi kwenye kila ukurasa, ujue iliyovuja ilikuwa ya nani. Picha zisizidi KB 100, kwa sababu tangu Julai 2021 bando lina ushuru wa asilimia 12 na msomaji wa kijijini anafunga ukurasa mzito.

Mimi ningechapa 700, niweke safu ya Lumasaba, lugha ya watu wa Mbale, ukurasa wa 3 (Bukedde, gazeti la Kiganda, imeonyesha lugha ya nyumbani inauza), na habari za kati ya toleo na toleo ziende kwenye simu, Jumatatu na Jumatano.