Kwa mwenye duka la jumla Kilwa: saini makubaliano kabla ya masika, lakini soma kifungu cha malipo

Ndugu yangu wa Kilwa Masoko, umeuliza kama kuna maana yoyote kwa duka la jumla kama lako kusaini makubaliano ya kuliuzia shirika la misaada bidhaa za dharura, wakati bado hakuna maafa, au inatosha kungoja yatokee ndipo utoe mchango kama wafanyabiashara wengine. Nimesimamia stoo ya kampuni ya jumla ya vyakula na vifaa vya nyumbani mkoani Manyara kwa miaka mingi, na jibu langu ni kwamba usaini. Nitakueleza sababu, kisha nitakuonyesha mahali palipotuumiza sisi.

Tarehe 3 Desemba 2023 matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakafunika sehemu ya mji wa Katesh pamoja na vijiji vya jirani, Gendabi na Jorodom vikiwemo. Watu zaidi ya 80 walifariki, na waliobaki bila makazi walihifadhiwa katika majengo ya shule. Sisi tuliokuwa Babati tulifanya kile ambacho moyo ulitutuma: tajiri aliamuru lori lipakiwe usiku uleule, nasi tukapakia kilichokuwa karibu na mlango, yaani mahindi ya punje, maharage na marobota ya nguo tuliyochangiwa na majirani. Tulipofika, mtu wa mapokezi alitushukuru kwa upole, akatuonyesha rundo la nguo lililokwisha kujaa chumba, kisha akatuuliza kama tulikuwa na sufuria. Hatukuwa nazo. Familia iliyolala darasani, ambayo nyumba yake imekwenda na jiko lake lote, haina pa kuchemshia maharage kwa saa tatu, wala haina mashine ya kusaga mahindi. Walichohitaji kilikuwa sembe, sufuria, ndoo zenye mifuniko, mablanketi, sabuni na taulo za kike, na kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa kwenye rafu zetu Babati, umbali usiofika kilomita 100. Hakuna aliyetuuliza tuna nini, na sisi hatukumuuliza mtu wanahitaji nini. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Mwaka uliofuata tulisaini makubaliano na shirika moja la misaada. Wengi hudhani kwamba makubaliano ya namna hii ni ahadi ya kutoa bure, na wenye maduka huogopa hapo. Sivyo. Sisi tuliahidi kwamba wakati wowote stoo yetu haitapungukiwa na kiasi fulani cha bidhaa zilizoorodheshwa, kwamba tutaziuza kwa bei ya jumla ya wiki ile bila kuongeza hata shilingi kwa sababu ya maafa, na kwamba kuna watu wawili, kila mmoja na funguo zake, watakaofungua stoo saa yoyote wakipigiwa simu. Shirika kwa upande wake liliahidi kuagiza kwa maandishi, kutaja mahali pa kupeleka mzigo na mtu wa kuupokea, na kulipa.

Faida ya mpango huu ni kwamba mzigo hauozi. Shirika likijaza ghala lake sembe na kungoja mafuriko ambayo huenda yasije mwaka huu, baada ya miezi michache unga ule unaingia wadudu na fedha ya wafadhili imepotea. Dukani kwako unga huohuo unauzwa kila siku, unaoingia kwanza unatoka kwanza, na kile kiwango cha chini ulichoahidi hubaki palepale kikiwa kipya daima. Sioni msaada ambao mfanyabiashara anaweza kuutoa ukaupita huu, kwa sababu ni ile kazi anayoijua kuliko mtu yeyote wa shirika.

Kwako wewe hoja hii ina uzito zaidi kuliko ilivyokuwa kwetu. Kumbuka Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga, kaskazini mwa Kilwa Masoko. Ghala lililoko Dar es Salaam, hata lingekuwa limejaa mpaka darini, lisingemfikia mtu wa Kilwa kwa barabara ile mpaka itengenezwe. Kilichokuwa kwenye maduka upande wenu wa kusini ndicho kilichokuwapo. Shirika lenye busara linapaswa kukutafuta wewe kabla ya kutafuta ghala lingine Dar es Salaam.

Usije ukadhani kwamba nadharau michango. Wakenya mwaka 2011, wakati wa ukame mkali, waliungana chini ya jina la Kenyans for Kenya, ambapo taasisi za hisani za kampuni ya simu ya Safaricom na benki ya KCB, vyombo vya habari na Msalaba Mwekundu wa Kenya waliweka lengo la shilingi za Kenya milioni 500, na watu wa kawaida wakachanga kwa simu zao mpaka lengo likavukwa. Hata pale, kila mmoja alileta kazi yake: wa simu alileta njia ya kutuma fedha, watangazaji wakaleta sauti, Msalaba Mwekundu ukaleta watu wanaojua kugawa. Wewe lete stoo.

Sasa malipo. Mara ya kwanza tulipoagizwa mzigo, tuliupeleka siku ileile, na fedha yetu ilikuja baada ya zaidi ya miezi minne, kwa kuwa hati ya kupokelea mzigo ilikuwa imesainiwa na mtu ambaye jina lake halikuwa kwenye orodha ya shirika. Kampuni yetu ilistahimili. Duka dogo lingefungwa. Kwa hiyo dai yaandikwe majina ya wapokeaji watatu badala ya mmoja, idadi ya siku za kulipa, na sehemu ya fedha itakayotangulia mzigo ukizidi kiasi mtakachokubaliana. Dai pia iandikwe nani analipa dizeli, nani anampa dereva na utingo chakula wakikwama njiani, na hasara ya mzigo ukilowa ni ya nani. Turubai zuri la lori nunua mwenyewe, usingoje mtu.

Usisaini na shirika pekee bila ofisi ya Mkuu wa Wilaya kujua. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 kuna kamati za maafa katika ngazi mbalimbali mpaka kijijini, na misaada ikipita pembeni yao mnapeleka ndoo 500 mahali pamoja huku kijiji cha pili hakina hata moja. Omba stoo yako iingizwe kwenye mpango wa wilaya, pamoja na namba za simu za wale wawili wenye funguo.

Mwisho, anza kidogo. Chukua daftari lako la mauzo la miezi 3, tazama unauza ndoo, sufuria na sembe kiasi gani kwa wiki, kisha uahidi kiwango cha wiki mbili tu. Sisi tuliahidi zaidi ya hapo mwanzoni, na mtaji ukalala kwenye mablanketi ambayo Babati hununuliwa msimu wa baridi pekee. Mwaka wa pili tukayapunguza kwa nusu, na shirika likakubali bila ugomvi.